Sahani ya Korongo

Mke wangu aliporuhusiwa kutoka hospitali mara ya mwisho, daktari alisema tumpe chochote anachotaka. Ndivyo wanavyosema wakiwa hawana la kusema. Yeye alitaka mambo mawili. La kwanza, kitanda kihamishiwe sebuleni, kwa sababu chumbani alikuwa haoni ila ukuta na nguo zangu chafu. Hilo halikunishinda. Mimi ni fundi makochi, maisha yangu yote nimehamisha fenicha za watu. La pili alilisema nikiwa namrekebishia mto.

"Baba watoto, nataka kumsikia yule bwana wa Korongo. Upande wa pili wote, mwanzo mpaka mwisho."

"Gramafoni iliungua," nikamwambia.

"Najua iliungua, nilikuwepo. Nimekuambia ninachotaka, sijakuuliza habari za gramafoni."

Korongo ni sahani ya santuri. Jina lake la kweli limeandikwa kwenye lebo kwa herufi za kujikunjakunja, lakini sisi tuliiita Korongo kwa ajili ya ndege aliyechorwa pale katikati, mguu mmoja juu. Rafiki yangu Besi mpaka leo anabisha kwamba yule ni bata. Ni roki, lakini si roki ya kurukaruka. Ni ile ya nyimbo ndefu, ambayo wenye kuijua huiita progresivu. Kinanda kinaanza peke yake kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi ya taa. Filimbi inaingia. Ngoma zinabadilisha hesabu pale pale unapoanza kuizoea. Upande wa pili wote ni wimbo mmoja, na mwimbaji haingii mpaka umeshakata tamaa kwamba yupo.

Ilitufikia kupitia Besi. Alikuwa dereva wa lori la kuhamisha watu, na kuna familia ya wageni aliyoihamisha siku walipokuwa wanarudi kwao, mbali huko. Walimwachia gramafoni yao, boksi zito la kupunguzia umeme, na sahani chache. Nyingine zote zilikuwa zimepinda kwa jua. Korongo peke yake ndiyo ilikuwa nzima, bila jalada, ndani ya mfuko mweupe wa karatasi. Kwa hiyo hatukuwahi kuona sura ya hata mmoja wa wale wapigaji.

Besi hakuwa na nafasi kwake, akaleta mashine karakanani kwangu. Hapo ndipo tulipoharibikiwa. Karakana ya makochi ina kitu ambacho sikukijua mpaka siku ile: sponji na vitambaa vinameza mwangwi wote, sauti inabaki tupu na safi, kama mtu anakuimbia wewe peke yako. Tukawa tunakutana kila Jumapili mchana. Mimi, waliyeniita Makochi kwa ajili ya kazi yangu, mke wangu, Besi, na fundi saa wa mtaani kwetu tuliyemwita Saa, ambaye katika maisha yake hajawahi kufika popote kwa wakati. Tulikaa juu ya makochi ya wateja yaliyokuwa hayajavishwa kitambaa. Besi jina lake lilitokana na kufuatiliza besi kwa mdomo, kuanzia noti ya kwanza mpaka ya mwisho, na ukimwambia anyamaze anasema hajafungua mdomo.

Maneno hatukuyashika vizuri, kila mtu alijitungia yake. Besi alisema jamaa analalamika kuhusu barabara. Saa alisema anaongea na Mungu. Mke wangu alisema nyote wawili hamna akili, huyu ni mwanamume anamwambia mkewe asiwe na haraka.

"Sikilizeni anavyolivuta hilo neno," alikuwa anasema. "Mwanamume asiye na haraka. Mnajua nimemtafuta kwa muda gani? Akitokea mlangoni hapo, mtanisamehe, nabeba sanduku langu."

"Akija mwambie aje na kochi," mimi nikajibu. "Hapa hakuna pa kumkalisha."

Watu wengine walituona vichaa. Waliokuwa wanaijua ile bendi walisema ina sahani nyingine nzuri, maarufu, na kwamba hii yetu ndiyo waliyoboronga. Mtangazaji mmoja wa redio aliwahi kuja kuchukua kiti chake Jumapili, akatukuta tumekaa kimya kama tuko ibadani. Alisikiliza kidogo, akacheka kwa pua.

"Katika sahani zao zote mmechagua hii? Hata wao wenyewe huwa hawaipigi. Halafu mashine yenu mbona inaburuta?"

"Masikio yako ndiyo yanaburuta," Besi akamwambia.

Mimi nikamwambia kiti chake bado, sponji haijafika. Kiti kilikuwa nyuma yake, kimekwisha, kimefunikwa shuka. Nilimzungusha hivyo mwezi mzima. Mke wangu alinisema sana, ila alikuwa anacheka.

Gramafoni iliungua siku ambayo umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu. Mota ilitoa moshi, ikaisha. Tuliipeleka kwa watu wa vyuma chakavu pamoja na boksi lake. Sahani niliibana kati ya mbao mbili, nikaiweka juu ya kabati. Jumapili ziliendelea kwa muda, kisha zikafa. Besi alianza safari za mbali, Saa akaoa tena, maisha yakaenda. Korongo ikawa kitu cha kutajwa tu.

Basi sasa mke wangu yuko sebuleni, mwepesi kiasi kwamba nilimbeba kwa mkono mmoja nikitandika kwa mwingine, na ombi lililobaki ni moja. Nilimwita binti yetu.

Binti alicheka kwa huruma. "Baba, siku hizi kila kitu kiko kwenye simu." Alichukua ile sahani, akasoma lebo, akagusagusa simu yake. Haikuchukua muda. "Mama, huyu hapa Korongo wako. Kuna watu wengi tu wanaipenda. Huyu ameandika kwamba hii ndiyo kazi bora ya hao jamaa na dunia haikuwasikiliza. Huyu mwingine anasema aliisikiliza kila siku mwaka aliofiwa na baba yake."

Nilijisikia vizuri, sina haja ya kuficha. Miaka yote tulidhani tuko wanne.

Akaweka simu kwenye mto. Kinanda kikaanza. Mke wangu alifumba macho. Baada ya muda mfupi akakunja uso, na sauti ya kuimba ilipoingia akayafumbua.

"Huyo nani?"

"Ndiye huyo, Mama."

"Siye. Huyo ni mwanamke. Tena ana haraka. Anakimbilia wapi? Izime."

Binti alinitazama mimi. Mimi nilikuwa nimesikia kile kile alichosikia mama yake, lakini nikasema simu zinaharibu sauti, spika yenyewe ndogo kama kifungo cha shati. Nililisema kwa nguvu kwa sababu nilitaka liwe kweli. Nikampigia Besi, nikamweleza.

"Shemeji anataka Korongo?" akasema. "Nipe mpaka kesho kutwa."

Kumbe katika mji mzima, mtu aliyejulikana kuwa na gramafoni inayofanya kazi ni yule yule mtangazaji. Besi na Saa walikwenda kwake kama watu wanaokwenda kuomba mchumba, Besi amevaa shati la kuchomekea. Jamaa aliwafungulia mlango, akasikiliza, akaenda ndani akaitoa mashine yake mwenyewe, spika mbili na nyaya zote, akawasaidia kufunga kwenye gari. Alisema tukae nayo mpaka tutakapomaliza. Habari ya kiti hakuigusa. Besi aliniambia angependa zaidi kama jamaa angemtukana.

Jumapili mchana tukaifunga sebuleni. Saa alikuwa amefika mapema, na hilo lilinitisha kuliko maneno ya daktari. Nilileta masalio ya sponji kutoka karakanani nikayaegemeza ukutani ili chumba kisipige kelele. Mke wangu alikuwa ametiwa mito mgongoni, binti amemsuka nywele zilizobaki. Alimtazama Besi.

"Na wewe umezeeka hivyo?"

"Shemeji, mimi nimekomaa. Aliyezeeka ni huyu mumeo."

"Huyo alizaliwa mzee. Haya, mleteni bwana wangu."

Nikaiweka sahani yetu wenyewe, yenye mikwaruzo tunayoijua mmoja mmoja. Nikashusha sindano. Na kikatoka kile kitu cha kwenye simu. Kikubwa, kizuri, lakini ni kile kile. Kinanda kilikuwa kinatembea mbio. Filimbi ililia juu sana. Tukangoja sauti, kila mtu anaangalia sakafu, na ilipoingia ilikuwa mwanamke, hakuna ubishi. Mwanamke mwenye sauti nzito kidogo, anaimba vizuri tu, sahani ile ile, mikwaruzo ile ile.

Machozi ya mke wangu yalikuwa yanashuka pembeni yanaingia sikioni, na hakuyafuta.

Niliinua sindano. Binti, kwa sauti ya chini, akasoma kwenye simu, akatuonyesha picha. Dada mmoja mwembamba mwenye miwani, amesimama mbele ya maikrofoni. Huyo ndiye aliyeimba. Siku zote ndiye yeye.

"Haiwezekani," Besi akasema. "Mimi nimeimba na yule mtu kwa miaka."

Saa alikuwa amekaa, amekunja shingo kama anatazama ndani ya saa ya mtu. "Ile mashine yetu ilitoka kwa wale wageni," akasema polepole. "Lile boksi lilipunguza nguvu ya umeme tu. Mwendo wa umeme wa kwao ni wa kasi kuliko wa kwetu. Mota za namna ile zinafuata mwendo wa umeme. Ilikuwa inazunguka taratibu kuliko inavyotakiwa. Tangu siku ya kwanza."

"Yule mshenzi alituambia," Besi akasema. "Alisema inaburuta."

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tumependa, watu wazima wanne, kitu ambacho hakuna mtu aliyekipiga. Wale wapigaji hawakukijua. Wale wa kwenye simu wanaoipenda Korongo wanapenda nyingine. Yule bwana asiye na haraka alizaliwa ndani ya mota mbovu karakanani kwangu, na alikufa siku ilipotoa moshi.

Mke wangu alisikia yote hayo. Alikuwa dhaifu lakini akili yake ilikuwa wembe. Akasema, "Kwa hiyo hayupo."

Sijui kama nilifikiri. Nilivuta stuli nikakaa mbele ya gramafoni, nikarudisha sindano mwanzo, nikaweka kidole cha shahada kwenye ukingo wa ile sinia inayozunguka. Nikabana kidogo. Muziki ukashuka ukalegea kama mlevi. Nikapunguza, ukapanda. Kuvuta kitambaa juu ya fremu ni hivyo hivyo: ukikaza sana kinapasuka, ukilegeza kinafanya mawimbi, na hakuna anayeweza kukueleza ni kiasi gani. Nilitafuta. Besi alianza kufuatiliza besi yake chini chini, ile ya zamani, nami nikaisogeza mashine mpaka ikakutana na mdomo wake.

Kinanda kikatembea kama zamani. Nikasikia mke wangu akivuta pumzi.

Kazi yenyewe ilikuwa mbaya. Kidole kikitetemeka, wimbo unatetemeka. Sikuweza kugeuka wala kupiga chafya. Nilimwona kwa pembe ya jicho tu, weupe wa shuka na mkono wake juu yake. Filimbi ikapita. Ngoma zikabadilika. Kisha yule bwana akaingia. Aliyumba kidogo mwanzoni kwa sababu moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka kwenye kidole, halafu akatulia. Alikuwa yeye.

"Ndiye," mke wangu akasema.

Katikati ya wimbo kuna mahali ngoma zote zinaacha, anabaki yeye na kinanda. Hapo niliona ule mkono ukiinuka kutoka kwenye shuka. Aliunyoosha kuelekea kwangu, kiganja juu. Kwa miezi yote ile ya ugonjwa alikuwa hajaniomba mkono. Nilikuwa namshika mimi, kumgeuza, kumwogesha, kumnywesha. Kuomba, hakuomba.

Nikamkonyeza Saa. Saa ana vidole vya kushika vitu vidogo kuliko punje ya mchele, kama kuna mtu angeweza ni yeye. Akaja akapiga magoti, akaweka kidole chake kando ya changu, nami nikaondoa changu taratibu, nikamgeukia mke wangu, nikaushika mkono wake. Ulikuwa wa baridi, mkavu. Alinibana vidole.

Nyuma yangu sauti ikaanza kupanda. Kidogo tu, kama mtu anayesimama kutoka kwenye kiti. Saa akabana, ikashuka mno, akalegeza, ikaruka. Bwana akawa mwanamke, akawa bwana, akawa kitu kisicho na jina.

Uso wa mke wangu ukakunjamana. "Mrudishe," akasema.

"Niko hapa," nikamwambia.

"Si wewe. Mrudishe yeye."

Akautoa mkono wake kwenye mkono wangu. Hakuuvuta kwa hasira. Aliutoa tu, akaurudisha juu ya shuka, akafumba macho, akangoja.

Nikarudi kwenye stuli. Saa alinipisha bila kunitazama. Niliweka kidole, nikamtafuta yule mtu, nikampata, nikamshikilia. Nilimshikilia mpaka mwisho, kinanda kikarudi peke yake, kikazima. Mgongo ulikuwa unawaka moto. Nilikuwa nikimwonea wivu yule mwanamume kwa utani, miaka mingi, mbele za watu. Siku ile haukuwa utani, na mimi ndiye niliyekuwa namtengeneza.

Sahani ilipoisha niligeuka. Alikuwa macho, anatabasamu kwenye dari.

"Umemchelewesha pale kwenye filimbi," akasema.

"Kidole kiliteleza."

"Tena."

Besi akatoka nje, nikasikia anapenga kamasi uani. Nikapiga tena. Mara ya pili alilala kabla ya mwimbaji kuingia, lakini niliogopa kuachia, asije akaamka akamkuta yule dada wa miwani. Nilikaa vile mpaka sindano ilipofika katikati na kuanza kukwaruza.

Alifariki wiki ile ile, asubuhi, binti akimpaka mafuta miguuni. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha maji. Hapakuwa na muziki wowote, redio ya jirani tu, watu wanatangaza hali ya hewa. Binti aliniita mara moja, na kwa jinsi alivyoniita sikukimbia.

Tulimzika. Watu walikuja, wakaondoka. Sebule ilirudi kuwa sebule, isipokuwa gramafoni bado ilikuwa pale kwa sababu mtangazaji alikataa kuichukua. Alikuja mazikoni, akasimama nyuma. Aliponishika mkono alisema, "Nilisikia mliyoyafanya," basi.

Jumapili moja Besi na Saa wakaja bila kuitwa. Saa alitoa mfukoni kiberiti, na ndani ya kiberiti kulikuwa na puli ndogo ya shaba, kigurudumu cha kuvuta mkanda.

"Nimeichonga mwenyewe," akasema. "Ukiifunga kwenye mota, sinia itazunguka kama ile ya zamani. Haina haja ya kidole. Nilitaka niimalize kabla shemeji..." Akaishia hapo. Alikuwa amechelewa, kama kawaida yake, na safari hii alijua.

Akaifunga. Besi akashusha sindano. Kinanda kikaanza, na kilikuwa chenyewe hasa. Saa anajua kazi yake. Yule bwana alipoingia, aliingia kama alivyokuwa akiingia karakanani tukiwa vijana, mzito, ametulia, anayavuta maneno, hana haraka na mtu. Hakuyumba hata mara moja. Kidole changu hakikuwahi kumfanya vizuri hivyo.

Saa alikuwa ananitazama mdomoni. "Vipi? Si ndiye?"

"Ndiye."

"Mbona uko hivyo?"

Nilisikiliza mpaka pale ngoma zinapoacha. Pakapita. Safi, hakuna kilichopanda wala kushuka. Nikamwomba Besi ainue sindano, akainua.

"Iko sawa," nikasema. "Hamjakosea kitu. Mimi nilitaka ile ya kuyumba."

"Ile haipo tena, Makochi," Besi akasema.

Nikamwambia najua.